Kijana Anataka Kwenda Kupanda Majabali Bukoba na Muleba: Mzazi Aulize Nini Kabla ya Kutoa Ruhusa



Mama mmoja wa Unguja ametuandikia. Kijana wake yuko chuoni, na likizo hii anataka kwenda Kagera na wenzake watano kwa karibu wiki tatu. Watapanda majabali ya ufukwe wa Ziwa Victoria, kwanza Bukoba na kisiwa cha Musira, kisha Muleba na visiwa vyake, na usiku watalala kwenye mahema kando ya maji. Mama anauliza: je, huku si kujitia katika maangamizi? Na je, mtoto akiwa huko wiki tatu atapunguza sala muda wote? Mwisho ameandika kwa uchungu kidogo kwamba haelewi kwa nini mtu mwenye akili apande jiwe ambalo angeweza kulizunguka.

Tumeona tujibu kwa urefu, kwa sababu si yeye peke yake aliyeletewa ombi la namna hii. Tena wazazi wengi wanaogopa kamba na urefu wa jabali, ambavyo kijana mwenyewe ameshavifikiria sana, na wanasahau maji, mapango na homa, ambavyo pengine hakuvifikiria hata kidogo.

Kupanda jabali kwenyewe

Asili ya jambo hili ni halali. Kuimarisha mwili kunapendeza, na muumini mwenye nguvu amesifiwa katika Hadithi iliyo kwa Muslim. Na majabali si kitu kigeni katika sira. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipanda kwenda pango la Hira kabla ya Utume. Siku ya Uhud alitaka kupanda juu ya mwamba lakini deraya alizovaa zikamlemea, Talha (R.A.) akachutama chini yake, akapanda juu ya mgongo wake mpaka akafika. Tirmidhi ameipokea habari hiyo. Na Jabir (R.A.) anasimulia, kama ilivyo kwa Bukhari, kwamba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbiri, na walipoteremka walileta tasbihi. Kijana anaweza kuichukua Sunna hiyo pale pale kwenye jiwe.

Kinachogeuza halali hii kuwa haramu ni uzembe. Aya ya 195 ya Suratul Baqarah inakataza mtu kujitupa katika maangamizi kwa mikono yake mwenyewe, na wanavyuoni huiweka hatari mahali pake: ikiwa dhana yenye nguvu ni kwamba mtu atasalimika kwa sababu amechukua tahadhari zinazojulikana na wenye ujuzi, inajuzu. Ikiwa anapanda bila kamba, bila mwalimu, ili apigwe picha, haijuzu. Ipo Hadithi kwa Abu Dawud inayomhusu anayelala juu ya dari isiyo na ukingo, kwamba dhima imemwondokea, yaani akianguka amejiangusha mwenyewe. Kama hukumu ni hiyo kwa dari ya nyumba, basi hema lililopigwa ukingoni mwa genge usiku wa giza linaingia humo bila shaka.

Ama ruhusa ya wazazi, safari hii ni ya matembezi, wala si faradhi. Mtu aliyekuja kuomba kwenda jihadi aliambiwa na Mtume (S.A.W.) arudi kwa wazazi wake awahudumie. Ikiwa mzazi ana hofu yenye msingi na akakataa, kijana atii. Lakini hofu yenye msingi hutokana na kuuliza. Ndiyo maana tunaendelea.

Jiwe la Bukoba ni jiwe gani?

Watu wa visiwani tumezoea jiwe la matumbawe, kali kama msumeno, lililoliwa na bahari kwa chini. Jiwe la Bukoba ni jingine. Mji umekaa chini ya migongo ya vilima inayokwenda kaskazini hadi kusini sambamba na ufukwe, na mingi imekatika ghafla upande wa ziwa ikawa magenge. Ukienda kusini utaikuta tena Muleba, ukipanda kwenda Kamachumu. Hilo ni jiwe la mchanga, yaani mchanga wa zamani sana ulioshikamana kwa matabaka. Si itale kama mawe makubwa ya Mwanza, likiwamo lile la Bismarck linaloonekana kwenye picha nyingi za jiji hilo.

Tofauti hii ina maana kwa roho ya mtu. Jiwe la mchanga likinywa maji hupoteza nguvu yake. Sehemu iliyobeba uzito wa mtu jana inaweza kumeguka leo baada ya mvua. Katika nchi zenye majabali ya aina hiyo, wapandaji wana desturi ya kutoligusa baada ya mvua mpaka lipite siku moja hadi tatu likikauka. Na Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mazito, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe: mnakwenda mwezi gani? Akijibu Juni, Julai au Agosti, amefanya utafiti wake. Akijibu Aprili, hajafanya.

Kuna jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Tetemeko linalobomoa nyumba hulegeza pia miamba, na jiwe lililolegea halina alama inayoonekana kwa mgeni. Wenyeji ndio wanaojua upande upi wa kilima hudondosha mawe.

Na vijana waelewe kwamba Bukoba si kama fukwe za Railay kule Krabi, Thailand, ambazo huenda ndizo walizoziona kwenye simu. Kule majabali ya chokaa yamesimama baharini na njia zake zimetobolewa na kuwekwa vyuma vya kufungia kamba kwa miaka mingi. Hata hivyo, vyuma hivyo vilianza kukatika kwa sababu ya chumvi ya bahari, vingine vikiwa bado vinang'aa kwa nje, mpaka ikabidi kutumia vya titani. Hapa kwetu, anayetaka kujifunza kazi ya kamba aanzie mahali penye waalimu na njia zinazojulikana, kama Hell's Gate nchini Kenya. Kagera apande kwa miguu kupitia njia za wenyeji, na kamba aitumie pale tu ambapo yuko naye mwenye ujuzi aliyekuja na vifaa vyake.

Tuseme neno moja juu ya vifaa, maana hapa vijana hufanya ubahili. Kamba ya kupandia hunyumbuka, humpokea anayeanguka kama mikono ya mtu. Kamba ya boti au ya kufungia mizigo hainyumbuki, na mtu akiangukia juu yake huweza kuvunjika mgongo hata kama kamba haikukatika. Kofia ngumu ni lazima, hata kwa aliyesimama chini kushika kamba, kwa sababu jiwe linaloanguka halichagui. Mzazi aombe kuonyeshwa vitu hivi sebuleni kabla ya safari, avishike kwa mkono wake.

Maji kabla ya jiwe

Musira unauona ukiwa ufukweni Bukoba mjini, jiwe kubwa lililosimama ziwani. Lakini Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na visiwa vingine vya Muleba si vya kupiga makasia. Ni safari za boti, nyingine za saa kadhaa.

Familia za Unguja na Pemba hazihitaji kufundishwa maana ya chombo kuzama. Tunaikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012. Watu wa ziwa nao wana yao: MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imezidisha abiria, na watu zaidi ya 800 wakafa. Kisha MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na Ukara, zaidi ya 220. Kisa ni kile kile, na sisi tunakijua: watu wengi, jaketi chache, na haya ya kumwambia nahodha kwamba chombo kimejaa. Mwambie kijana wako kwamba kuteremka kwenye boti iliyojaa si woga. Na kila mmoja wao awe na jaketi lake la kuokolea, alilonunua mwenyewe, asitegemee la boti.

Kuna jambo la ziwa ambalo mtu wa bahari halijui. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria na kuzaa mawingu ya radi, na dhoruba hizo mara nyingi husukumwa magharibi kuelekea upande wa Bukoba alfajiri na asubuhi. Sisi tumezoea kusema asubuhi bahari imelala. Huko asubuhi inaweza kuwa ndio wakati mbaya. Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 19 kati yao walifariki, ilikuwa ikitua asubuhi katika hali mbaya ya hewa. Waliokuwa wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Basi kabla ya kuvuka, kijana awaulize wavuvi. Wakisema leo hapana, iwe hapana.

Mapango na popo

Hapa ndipo tunataka mzazi atue na asome polepole.

Anayepanda magenge hukutana na mapango. Musira unayo, na ndani yake yapo mabaki ya watu wa zamani. Inasimuliwa kwamba enzi za wafalme wa Wahaya kisiwa kile kilikuwa mahali pa kufungia watu. Adabu ya kwanza, basi, ni ya mifupa. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Wala mtu asiseme hao hawakuwa Waislamu: Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa akajibu kwa kuuliza kama hiyo si nafsi. Hakuna kupiga picha na mafuvu, hakuna kuchukua kumbukumbu mfukoni. Na kabla ya kupanda, kijana afike kwa mwenyekiti wa kijiji, ajitambulishe, alipe kinachotakiwa na kufuata atakachoambiwa.

Adabu ya pili ni ya roho yake mwenyewe na ya wote atakaorudi kwao. Mapango ni makazi ya popo, na popo wala matunda wanaokaa mapangoni ndio wanaobeba kirusi cha Marburg. Hili si jambo la kubahatisha. Pango la Kitum, mlima Elgon upande wa Kenya, lilitembelewa na wagonjwa wawili waliokufa kwa Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine, mvulana, mwaka 1987. Katika Pango la Chatu, magharibi mwa Uganda, watalii wawili waliingia kwa nyakati mbalimbali miaka ya 2007 na 2008 kutazama tu. Mmoja, Mmarekani, aliugua akapona. Wa pili, mwanamke wa Uholanzi, alifariki. Hawakumla popo wala kumshika kwa kusudi. Waliingia pangoni.

Na Kagera imeonja. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza Marburg katika wilaya ya Bukoba, mara ya kwanza nchini. Wagonjwa walikuwa tisa na waliofariki sita, mhudumu wa afya akiwa mmoja wao. Kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka safari ya kisiwa cha Goziba. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huo. Januari 2025 ugonjwa ulitangazwa tena, mara hii Biharamulo, watu kumi wakafariki, na ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Hatusemi haya ili watu wa Goziba au Biharamulo wanyooshewe vidole. Wao ndio waliofiwa. Tunasema kwa sababu kijana wa Unguja anaweza kupanda siku tano kwa kamba nzuri na kofia ngumu, kisha siku ya sita akaingia pangoni kujikinga na mvua, akaweka mkono juu ya kinyesi cha popo, akajifuta uso.

Kwa hiyo hapa hatutoi nasaha ya nusu nusu: mapango yenye popo asiingie. Mvua ikimkuta, alowe. Matunda yaliyokwisha kuumwa na ndege au popo asiyale. Na ikiwa ugonjwa umetangazwa wakati wa safari, Hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim iko wazi: tusiingie katika ardhi tuliyosikia ina tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (R.A.) alirudi njiani na jeshi lake alipofika Sargh akasikia kuna tauni Sham, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Tiketi iliyokwisha lipwa si udhuru.

Homa na maji ya ziwa

Visiwa vyetu, Alhamdulillah, vimekaribia kuiondoa malaria, na vijana wengi wa leo hawajawahi kuugua. Neema hiyo ina upande wake wa pili: mwili ambao haukuizoea hauna kinga. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na Muleba hasa inajulikana kwa watafiti, maana ndiko vilikofanyiwa majaribio vyandarua vya aina mpya ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Kijana amwone daktari kabla ya safari juu ya dawa za kinga, na hema liwe na chandarua. Mtu wa visiwani akipata homa huko asisubiri hata usiku mmoja.

Kichocho tunakijua, hasa Pemba, lakini chetu ni kile cha mkojo. Cha ziwa ni cha matumbo na ini, na dalili zake huchelewa. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji baridi, hasa pwani zenye majani na maji yaliyotulia, na kupita kwenye ngozi ya anayesimama humo kwa dakika chache. Sasa fikiria kijana anayetia udhu ziwani mara tano kwa siku, miguu ndani ya majani. Maji ya ziwa ni tohara bila shaka yoyote, lakini si lazima ayaingie. Ayachote na kuyaweka kwenye ndoo iliyofunikwa kwa siku mbili, au ayachemshe yapoe, kisha atawadhe kwa kopo. Mamba na viboko nao wapo katika baadhi ya pwani, na hilo linatosha kuwa sababu ya pili ya kutumia kopo.

Je, atayamamu kwa kuogopa kichocho? Madhali anaweza kuchota na kuchemsha, hapana. Tayamamu, kama ilivyo katika aya ya 6 ya Suratul Maidah, ni kwa aliyekosa maji au anayedhurika kwa kuyatumia. Lakini akiwa juu ya jabali na chupa aliyonayo ni ya kunywa, atayamamu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i unatakiwa udongo wenye vumbi, jiwe tupu halitoshi. Wahanafi na Wamaliki wameruhusu jiwe. Wapandaji pia hupaka unga mweupe mikononi ili wasiteleze, na huo huondoka kwa maji, hauna neno. Plasta wanazofunga vidoleni ndizo za kuangaliwa: kama hakuna jeraha, zivuliwe wakati wa udhu.

Wiki tatu na sala

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anasema, niko safarini, basi napunguza mpaka nirudi nyumbani. Sivyo, kwa madhehebu ya Shafi'i. Kutoka Unguja hadi Bukoba ni masafa ya kasri bila mjadala, na njiani atapunguza na kukusanya. Lakini akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika tangu anapofika pale. Ataswali kamili, na akiwa Bukoba mjini siku ya Ijumaa, Ijumaa inamwajibikia. Kwa Wahanafi mpaka ni siku 15, na wapo wanavyuoni wasioweka idadi. Lakini anayefuata Shafi'i nyumbani asihame madhehebu ufukweni kwa ajili ya rakaa mbili.

Tuchukue mifano miwili. Wakipanga nyumba Bukoba kwa siku kumi na kutoka kila asubuhi kwenda Musira na kurudi jioni, wao ni wakazi, wanaswali kamili. Na wakitoka hapo kwenda Muleba mjini, ambako hakufiki kilomita 80, bado hawapunguzi kwa safari hiyo, kwa kuwa kiasi kinachokubalika na wengi wa wanavyuoni wa zama hizi ni kama kilomita 81. Lakini ikiwa hawatulii, siku mbili Bukoba, tatu Musira, mbili Kamachumu, kisha Bumbire, na hawajanuia siku nne popote, basi ni wasafiri tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ratiba iandikwe kabla ya kuondoka. Nia ya sala imo ndani ya ratiba.

Kukusanya kunarahisisha mambo ya jabali: msafiri huswali Adhuhuri na Alasiri chini kabisa kabla ya kuanza kupanda, au akizichelewesha, baada ya kuteremka. Aliye mkazi hana njia hiyo, apange kupanda kwake baina ya nyakati.

Kibla kimewahi kuwababaisha watu wetu huko. Unguja tunaelekea kaskazini, karibu sawasawa. Bukoba ni kaskazini ikielekea mashariki kiasi cha digrii 18. Ukisimama ufukweni ukaelekea Kibla, ziwa liko upande wako wa kulia. Na nyakati zimesogea. Nchi ni moja na saa ni moja, lakini jua la Bukoba linatua karibu nusu saa baada ya la Unguja, na miezi ya Juni na Julai hupita nusu saa. Kijana anayefunga Jumatatu na Alhamisi akafuturu kwa adhana ya simu iliyowekwa Zanzibar, amekula mchana.

Mambo madogo

Vazi la kupandia liwe suruali pana inayopita magoti, kwa sababu mkanda wa kiunoni huvuta nguo juu na uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Samaki wa ziwa, sato, sangara na dagaa, wote ni halali. Nyama aulize imechinjwa na nani. Juisi ya ndizi iliyokamuliwa siku hiyo ni tamu na haina neno, lakini rubisi ni pombe ya ndizi hiyo hiyo, na mgeni asiyejua anaweza kupewa kibuyu kwa ukarimu tu, basi aulize kabla ya kuonja. Senene huja na mvua za Novemba, kwa hiyo wa Julai hatowakuta.

Wazazi wa mabinti watauliza na yao. Safari ya matembezi ya masafa haya kwa mwanamke bila maharimu wake haijuzu kwa madhehebu yetu. Akienda na baba, kaka au mume, yote yaliyotangulia yanamhusu kama yanavyomhusu kijana.

Kundi lichague amiri wao kabla ya kuondoka, kama ilivyo katika Hadithi ya watatu wanaosafiri kwa Abu Dawud, na awe ndiye mwenye neno la mwisho la kusema leo hatupandi. Mama achukue nambari yake, si ya mwanawe peke yake. Wajue pia hospitali zilipo: ya rufaa ya mkoa iko Bukoba mjini, na wilayani Muleba zipo Ndolage, Rubya na Kagondo. Kutoka kisiwani, kufika yoyote kati ya hizo kunategemea boti, kwa hiyo mwenye kuvunjika mguu Goziba hayuko karibu na hospitali hata kidogo.

Akirudi salama, inshaAllah, hesabuni siku 21. Homa ya ghafla na kichwa kuuma sana ndani ya siku hizo asitibiwe nyumbani kwa panadol. Aende hospitali na aseme tangu mlangoni kwamba ametoka Kagera, na kama aliingia pangoni aseme, hata kama alikuambia wewe mama yake kwamba hakuingia. Kisha baada ya wiki sita hadi nane apimwe kichocho, ajisikie mgonjwa au asijisikie. Dawa yake ipo, ni ya vidonge, na ni rahisi kwa aliyepima.

Wallahu a'lam.